Taa ya Papa Cirimwami Haina Kosa

Kila siku Asma akirudi shuleni alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kuchaji taa. Mtaani kwao Birere, jijini Goma, umeme huja na kuondoka upendavyo, wala hauagi mtu. Kwa hiyo mama yake, Mwasiti, fundi wa nguo, alikuwa amenunua taa ya kuchaji. Ikijaa, huwaka jioni nzima.

Ijumaa moja umeme ulikuwepo, na Asma akaichomeka taa. Lakini nyumbani tundu la umeme linalofanya kazi lilikuwa moja tu. Mama alipotoka kwenda kununua vifungo, Asma akaichomoa taa, akachomeka simu, akafungulia muziki na kucheza mpaka kijasho kikamtoka. Alijiambia kwamba taa ataichomeka baadaye. Jamani, baadaye hiyo haikufika!

Jioni umeme ukakatika. Mama alikuwa amebakiza mkono mmoja wa gauni la Marie-Claire, bibi harusi wa kesho asubuhi. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, haitaki umeme, ila mshonaji lazima aone sindano. Akawasha taa. Ikamulika kidogo, ikazimika.

"Asma, uliichaji?"

"Ndiyo, mama," Asma akajibu upesi.

"Basi Cirimwami ametuuzia takataka!"

Mama akainyakua taa, akavuka barabara mbiombio hadi kwenye kibanda cha mzee huyo aliyewauzia taa. Asma akamfuata.

"Papa Cirimwami! Hii lampe yako iko ya uongo! Mutoto amechaji muchana wote, na angalia, imekufa!"

Mteja mmoja aliyekuwa ameshika taa kama ile akairudisha mezani. "Kama ni hivyo, mimi naacha," alisema. Wenzake nao wakaanza kuondoka. Papa Cirimwami hakugombana. Aliichukua taa, akaipangusa vumbi kwa kitambaa. Asma aliona aibu kubwa. Alimhurumia mzee yule kuliko alivyoogopa kuchapwa.

"Mama, taa haina kosa," alisema huku akilia. "Niliichomoa, nikachaji simu. Nimekudanganya."

Mama akawageukia wale waliokuwa wakiondoka. Kisha akapaza sauti ileile aliyokuja nayo.

"Jamani, rudini! Mumenisikia nikimutukana huyu muzee mbele ya watu. Basi munisikie mbele ya watu nikimuomba radhi. Taa yake iko muzuri. Papa, unisamehe."

Watu wakacheka, na yule mteja akaichukua tena taa yake, safari hii akailipia.

"Yameisha, mama," alisema Papa Cirimwami. "Kamata hii, imejaa. Mutanirudishia kesho. Bibi harusi hawezi kwenda kanisani na mukono mumoja!"

Hata mama akacheka. Nyumbani Asma alishika taa juu ya cherehani, akiisogeza kila mama alipogeuza kitambaa, mpaka gauni likaisha. Lilipendeza, naye akafurahi kana kwamba amelishona mwenyewe.

Mama akakunja gauni, akamketisha Asma karibu naye.

"Mutoto wangu, taa huchajiwa umeme ukiwepo, si giza likiingia. Kesho utaichaji bila kuambiwa, na simu nitakaa nayo mimi. Lakini sikiliza. Giza la leo tungeliondoa hata kwa mshumaa. Kama ungenyamaza, jina la Papa Cirimwami tungelisafisha kwa kitu gani?"