Mgongo wa Jani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia ukumbi, nikamvisha mdogo wangu viatu, kisha nikaketi dirishani na chai yangu kulitazama jani. Mtaa wetu ni mpya. Nyumba bado zinanukia rangi, na miti ya barabarani haijanifika kiunoni. Lakini katikati ya uwanja lilisimama jani moja la saruji, refu kuliko nyumba ya ghorofa, ncha yake imejikunja kama mtoto anayeamka usingizini. Mimi ni msemaji sana, hata nyumbani wananiita Chiriku, ila mbele ya jani lile niliishiwa maneno.

Aliyelijenga ni mchongaji mmoja mwanamke, tuliyempa jina la Mama Jani. Yeye alikunja nondo na kufunga wavu, naye mjomba wangu akamchanganyia saruji na kumpandishia ndoo kwa ndoo. Walipomaliza kupiga lipu, lile tabaka la juu la saruji, walilivika jani magunia yaliyoloweshwa. Mjomba akaniombea kazi ya kuyamwagia maji.

"Saruji ikikauka upesi hupasuka," Mama Jani aliniambia. "Mimi nasafiri siku saba. Mwagia asubuhi na jioni, mbele na nyuma. Utaweza?"

"Hilo tu, mama? Niachie mimi," nilijibu, kifua mbele.

Siku mbili nilimwagia kote. Tatizo lilikuwa nyuma. Mpira wa maji haukufika huko, ikabidi nibebe ndoo na kupanda ngazi ya mafundi. Siku ya tatu wenzangu walikuwa wanaruka kamba, nikamwagia upande wa barabarani tu, ule unaoonekana. Nani atakwenda kuchungulia nyuma? Nikafanya vivyo hivyo mpaka siku ya saba.

Mama Jani aliporudi, magunia yalivuliwa. Jamani, jani lile! Mishipa yake ilipanda mpaka juu, na jua la asubuhi likaijaza mmoja mmoja. Wapita njia walisimama, na mwenye mkokoteni akasahau alikuwa anakwenda wapi. Kisha Mama Jani akazunguka nyuma. Mgongo wa jani ulikuwa umejaa nyufa, nyingine zinapitisha ukucha.

Akamwita mjomba. "Mchanga ulizidi huku nyuma. Ulipunguza saruji?"

"Sikupunguza hata koleo moja, mama."

"Basi nyufa zimetoka wapi? Siwezi kufanya kazi na fundi nisiyemwamini. Sanamu ijayo nitatafuta mtu mwingine."

Mjomba alianza kuosha koleo lake, ingawa lilikuwa safi. Nilijua kwamba nikinyamaza hakuna atakayenigundua, na mjomba ataondoka na jina baya ambalo ni langu. Niliona haya, tena niliogopa.

"Ni mimi," nilisema. "Nyuma sikumwagia. Siku tano nzima."

Mama Jani alinitazama. Kisha akamgeukia mjomba. "Nisamehe, fundi. Nimekuhukumu bure. Hiyo kazi ijayo ni yako."

Walibandua lipu ya nyuma na kupiga nyingine, mimi nikizoa vifusi. Halafu kwa siku saba nilibeba ndoo, nikaanza na nyuma ndipo nikaja mbele. Mabega yaliniuma, wenzangu wakanicheka, nikaendelea.

Siku ya nane magunia yalivuliwa tena, na jioni ile mvua ikanyesha. Maji yalifuata mishipa, yakateremka mbele na nyuma kwa pamoja, yakakutana kwenye kikonyo na kumwagikia miche iliyopandwa chini. Watu wazima walitoka nje bila mwavuli, wakasimama wameduwaa. Mimi nilikwenda nyuma, nikapitisha kiganja mgongoni mwa jani. Palikuwa laini, hapana hata ufa mmoja. Machozi yakanitoka.

Mama Jani alikuja akasimama karibu yangu. "Saruji haijui upande wa barabarani," alisema. "Kazi yoyote ni hivyo hivyo, mwanangu. Ifanye vizuri hata pasipoonekana. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajabebeshwa mzigo wako."

Nilitaka kumjibu, lakini maji yalikuwa bado yanateremka, nami sikuweza kuondoa macho.

"Leo Chiriku kanyamaza," mjomba alisema, akanifunika kichwa kwa koti lake.