Feni Iliyozimwa Ijumaa

Kelele ndizo zilizowakutanisha. Siku ya soko Daraja Mbili, mjini Kisii, Aketch aliingia kwenye kibanda cha fundi Ombati, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, laptopu kaikumbatia. Kazi yake ilikuwa kuwarekodia vitabu wanafunzi wasioona, na feni ilivuma katika kila sentensi. Ombati alimweleza kwamba kwenye Linux, mfumo wa laptopu ile, feni huendeshwa kwa amri, utakavyo. Aketch akamtazama jasho lililomtiririka, akauliza mbona yeye hajipepei. Wakacheka.

Miezi mitatu baadaye walikuwa wakiitana mpenzi, ingawa kule kijijini Gesima mama yake Ombati, Msabato asiye na mchezo, hakuwa amesikia lolote kuhusu msichana Mkatoliki kutoka Homa Bay. Kila akiulizwa na Aketch, Ombati alisema atamwambia tu.

Ijumaa moja, jua likielekea kutua, aliandika amri ya kuzima feni kila laptopu inapowashwa, ili Aketch arekodi kwa utulivu. Akakimbilia nyumbani kuiwahi Sabato, asikumbuke kumwonyesha jinsi ya kuirudisha.

Kesho yake laptopu ilichemka, ikazimika. Aketch akaiwasha, ikazimika tena. Wanafunzi walikuwa na mtihani Jumatatu. Akapiga simu mara kumi na mbili. Ombati alikuwa ameizima simu yake, kama afanyavyo kila Sabato. Aketch aliijua Sabato vizuri, lakini roho ilimuuma: alijiona mpenzi wa siku za kazi tu.

Akaenda Gesima. Watu walikuwa wakitoka kanisani, Ombati na suti yake ya kijivu, kamshika mama mkono. Aketch alisimama langoni na jinzi yake, laptopu mkononi, ametoka kuijaribu tena.

"Umeniulia laptopu, Ombati. Na kama unanionea aibu, sema sasa nirudi Kisii."

Ombati aliigusa, akahisi joto, akafumba macho. "Makosa ni yangu, mpenzi. Feni niliizima mimi."

Akaketi nyasini na suti ile, wazee wa kanisa wakimtazama, akaisubiri ipoe, akaifuta amri yake. Feni ikaanza kuvuma. Mama akauliza kwa Ekegusii, lugha ya kwao, huyu ni nani.

"Anaitwa Aketch," Ombati alisema. "Ndiye niliyekuwa naogopa kukuambia habari zake."

Mama alimtazama msichana kuanzia viatu hadi nywele. Aketch akainamisha kichwa.

"Tangu azaliwe, kijana huyu hajashika kazi siku ya Sabato," mama alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Leo ameshika kwa ajili yako. Kuja nyumbani, mwanangu, ule."