Karatasi ya Nne

Mwalimu alizihesabu karatasi mara mbili, kisha akazilaza mojamoja juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuzihesabu tena. Zilikuwa nne. Ndani ya karakana mlikuwa na watu watatu.

"Nani kaandika mbili?" aliuliza.

Waya, fundi wa redio, alitikisa kichwa. Fundi Sponji, mwanamke mwenye karakana hiyo ya makochi, alikuwa akilitazama kochi la buluu karibu na dirisha, lile ambalo siku hiyo hapakuwa na mtu wa kulikalia.

Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakikutana hapo kila Jumapili saa tisa alasiri kusikiliza muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepiga mayowe kama aliyebanwa kidole na mlango. Walipapenda hapo kwa sababu shehena za sponji zilipangwa ukutani mpaka darini, hivyo majirani walilala usingizi wao wa mchana bila kujua lolote. Mwalimu alifundisha hesabu, na magauni yake marefu yalinyooshwa pasi mpaka yakasimama yenyewe. Wanafunzi wake wangeambiwa anasikiliza nini siku ya mapumziko, wangecheka mpaka wakae chini. Waya alikuwa mpole wa kupindukia, mtu wa kumwomba radhi nzi kabla ya kumfukuza, na ndiye aliyependa albamu zenye majina ya kutisha kuliko wote.

Taratibu yao ilikuwa moja. Albamu inachezwa yote, mwanzo mpaka mwisho, na hakuna kufungua mdomo. Wimbo wa mwisho ukiisha, kila mtu anaandika maoni yake na alama juu ya kumi, anakunja karatasi na kuitumbukiza kwenye mkebe wa misumari. Mwalimu anazisoma kwa sauti, halafu ndipo ugomvi unapoanza. Sheria ya kuandika kabla ya kusema aliiweka Radi, ili mtu asije akadandia maoni ya mwenzake.

Radi alikuwa mdogo wake Fundi Sponji, baba mmoja mama mmoja, na mshirika wake kazini. Yeye alipenda metali ya mbio, ngoma zikimiminika bila kupumua. Dada yake alipenda ile nzito, ya polepole, ambayo gitaa moja hulia mpaka mtu amkumbuke kila aliyewahi kumpoteza. Katika miaka yote hiyo hawakukubaliana juu ya albamu hata moja. Walipendana kwa kupingana, na asiyewajua angedhani kesho watagawana vyombo.

Asubuhi ya Jumanne moja walizozana juu ya albamu ya juzi yake, ambayo Radi aliipa mbili. "Nenda kafuate misumari," dada alimfokea, "kabla sijakutia mmoja kwenye hilo sikio lisilofanya kazi." Radi akatoka huku anacheka. Lori lilimkuta kwenye kona ya pili.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza tangu msiba. Kabla wenzake hawajafika, Fundi Sponji alikuwa ameweka penseli na kikaratasi juu ya kochi la buluu, kochi ambalo Radi mwenyewe aliliunda na hakuwahi kulimalizia mkono mmoja. Akalipapasa na kusema kwa sauti, "Karibu kiti chako." Hakutaja jina. Hapo ndipo alipokosea, ingawa mimi siwezi kumlaumu mtu aliyefiwa kwa kukaribisha hewa.

Sasa Mwalimu alikuwa akiifungua karatasi ya nne.

"Mpiga ngoma kalala," alisoma. "Mwamsheni mumwambie nyimbo zimekwisha. Nne juu ya kumi. Dada ataipa tisa, mtaona."

Dada alikuwa ameipa tisa. Na herufi zile zililalia kushoto, kama alivyoandika Radi kwa mkono wake wa kushoto.

"Jamani," Waya alinong'ona. "Mnasikia harufu?"

Ilikuwa harufu ya chuma kilichopashwa moto kisha kikamwagiwa maji. Ilitoka upande wa dirishani.

"Tuondoke," Mwalimu alisema. "Hebu tutoke nje, tuongee nje."

"Hatoki mtu," Fundi Sponji alisema, machozi yakimtiririka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo wenzake hawakuwa wameiona tangu mazishi. "Mdogo wangu karudi, nyie mnataka kumkimbia?"

Jumapili ya pili ilikuja karatasi ya nne, na ya tatu vilevile. Maoni yalikuwa ya Radi kabisa: gitaa linakwaruza kama kijiko kwenye sufuria tupu, mwimbaji apewe maji anywe, besi wameisahau nyumbani. Mwalimu alisoma huku akitazama mlango. Baada ya Jumapili ya nne alisema haji tena mpaka aitwe mtu wa kuliangalia jambo hilo. Waya aliendelea kuja, lakini alikaa karibu na mlango na hakuvua viatu.

Fundi Sponji hakujali. Alianza kusikiliza peke yake, siku za kazi, mchana kweupe, albamu mbili, kisha nne kwa siku. Makochi ya wateja yalibaki mifupa mitupu. Kila albamu ilipokwisha, alitulia akasikia penseli ikikwaruza karatasi pale kwenye kochi la buluu, na mto wa sponji ukiwa umebonyea katikati bila mtu.

Siku moja Waya alimkuta amefungua spika na kuitoa moyo.

"Imekufa," Fundi Sponji alisema. "Nimeweka ile albamu ya Jumapili ya kwanza, haitoi sauti."

Waya aliirudisha spika, akabonyeza, na papo hapo akaruka nyuma kwa kelele. "Hii inafanya kazi, dada yangu. Inataka kunipasua kifua."

"Acha utani."

"Sitanii. Ngoma hizo zinapiga. Husikii?"

Hakusikia. Alimsikia Waya, alisikia honi barabarani na kuku wa jirani, ila wimbo ule alioupa tisa haukuwepo. Walijaribu albamu nyingine, na nyingine. Kila albamu ambayo karatasi ya nne iliwahi kuizungumzia ilikuwa imemtoka masikioni, yote, kuanzia gitaa mpaka mayowe. Zile ambazo hazijachezewa kochi la buluu alizisikia vizuri.

"Kinakula," Waya alisema kwa sauti ya chini. "Unakilisha nyimbo zako."

"Ziende," alijibu. "Albamu nitapata nyingine. Ndugu nitampata wapi?"

Waya alikusanya bisibisi zake akaondoka, na njiani alilia, mtu mzima yule, bila kujificha.

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, karatasi haikuwa na maoni. Ilikuwa na ombi: *Niwekee ile kanda yetu.*

Kanda hiyo ilikuwa moja tu duniani. Jumapili ya kwanza kabisa, miaka kumi na miwili nyuma, Waya alisahau kuzima kinasa sauti, nacho kikanasa ugomvi wa kwanza wa ndugu wale wawili na kicheko cha Radi mwishoni. Hapakuwa na mahali pengine ambapo sauti yake ilibaki. Fundi Sponji alikuwa ameifunga kwa kitambaa na kuifungia kwenye droo ya mikasi, na tangu msiba hakuthubutu kuisikiliza. Aliitoa sasa na kuishika muda mrefu, akijua vizuri kilichozipata zile albamu, maana hakuwa mjinga, na akijiambia kwamba mwenye sauti amekaa pale pale anasubiri, kwa hiyo sauti inarudi kwa mwenyewe, si kwa mtu baki, na kwamba ndugu akiomba cha kwake humnyimi. Akaiweka, na kicheko kile kikajaa karakana mpaka akaegemea meza kwa uchungu, na wakati huohuo mto wa kochi la buluu ukazama, ukazama zaidi, springi zikilia mojamoja kama anayeketi ni mzito kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, harufu ya chuma ikambana koo, na kila Radi alipocheka kwenye kanda kitu fulani pale dirishani kilivuta pumzi ndani, polepole, kama mtu anayekunywa uji wa moto, mpaka kanda ikafika mwisho na kukawa kimya.

Penseli ilikwaruza. Karatasi ilikuwa na neno moja: *Tamu.*

Alitazama neno hilo na kitu kikamgusa vibaya. Radi hakuwahi kutosheka na neno moja maishani mwake.

Wiki hiyohiyo ilitoka albamu ya bendi waliyoingojea pamoja kwa miaka minane. Kuhusu bendi hiyo Radi alikuwa akisema, "Dada, wakirudi hawa nitakutoa jasho, utaona." Waya aliileta Jumapili, na nyuma yake alikuja Mwalimu, aliyeshindwa kukaa mbali. Waliketi kimya. Kuna alichotaka Fundi Sponji kuliko kupona na kuliko kula: kujua mdogo wake angesema nini juu ya albamu hii. Hilo tu. Nyimbo zilikuwa nzito, za polepole, na ule wa mwisho ulikuwa na gitaa moja tu likilia dakika tisa. Aliandika karatasi yake huku haoni vizuri kwa machozi.

Mwalimu alizifungua. Alisoma ya Waya, kisha yake mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya Fundi Sponji: *Wimbo wa mwisho umenirudisha makaburini na sitaki kutoka. Kumi.*

Akafungua ya nne. Herufi zililalia kushoto.

"Wimbo wa mwisho," alisoma, "umenirudisha makaburini na sitaki kutoka. Kumi."

"Rudia," Fundi Sponji alisema.

"Ni maneno yako. Neno kwa neno."

Fundi Sponji alikaa sakafuni. "Radi angeipa tatu," alisema. "Angesema wamezeeka. Angesema nimlipie nauli ya kwenda kuwaamsha. Asingekubaliana na mimi hata kwa kushikiwa panga." Akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya mazishi. Alikuwa amekuja kusikia maoni ya mdogo wake akasomewa ya kwake, na akaelewa kwamba hata vile vichekesho vyote vya karatasi za nyuma vilichotwa kutoka kwenye kumbukumbu zake yeye. Radi hakuwa amekuja hata mara moja.

Waya alimwita shangazi yake, mkunga mstaafu ambaye pia alijua namna ya kuwatoa wageni wasioonekana. Alifika kesho yake mchana, akapokea shikamoo tatu, akakataa makochi yote na kuomba stuli. Aliuliza kilichokuwa kikipigwa, wakamwekea kidogo.

"Huyu anayelia hivi kafiwa?"

"Ndivyo wanavyoimba, shangazi," Waya alisema.

"Basi namwelewa." Alilitazama kochi la buluu, na mto wake uliobonyea. Kisha akamgeukia Fundi Sponji. "Mwanangu, mwenye kiti hiki yuko wapi?"

"Katoka."

"Kaenda wapi?"

"Kafuata misumari."

"Mwanangu," yule bibi mkunga alirudia taratibu. "Yuko wapi?"

Mwalimu aligundua hapo kwamba tangu msiba hajawahi kumsikia Fundi Sponji akilitamka neno la kifo. Alisema kuondoka, alisema lile jambo, alisema siku ile.

"Amekufa," Fundi Sponji alisema.

"Usiniambie mimi. Mwambie aliyekaa."

Alisimama mbele ya kochi. Harufu ya chuma ilipanda mpaka Waya akakohoa, springi zikalia, na kivuli kisicho cha mtu yeyote kati yao kikatanda juu ya sponji za ukutani.

"Mwenye kiti hiki amekufa," alisema. "Mdogo wangu alikufa Jumanne, saa mbili asubuhi. Mimi ndiye niliyemtuma, na neno langu la mwisho kwake lilikuwa la hovyo. Nilikukaribisha wewe kwa sababu sikutaka kumzika. Wewe si yeye. Kiti kina mwenyewe na mwenyewe hayupo. Toka."

Mto uliinuka polepole kama mkate unaoumuka. Penseli ilidondoka na kubingirika mpaka mlangoni, kitambaa cha pazia kikajaa upepo kwenda nje, kisha kikatulia. Walipofungua mkebe wa misumari uliohifadhi karatasi za nyuma, zote za nne zilikuwa nyeupe.

"Kimekwenda," bibi alisema. "Lakini kilichokula hakitapiki. Hilo sikufichi."

Jumapili iliyofuata Fundi Sponji alimalizia mkono wa kochi la buluu, msumari kwa msumari, akalikalia yeye mwenyewe. Akaomba wamwekee ile kanda.

Waya aliibonyeza. Mwalimu alifunika mdomo kwa viganja, na Waya akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Fundi Sponji aliona magurudumu ya kanda yakizunguka. Alisikia mtu akifagia uwanja wa jirani. Alisubiri, akasubiri, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya spika na kulaza kiganja juu ya kitambaa chake. Kilitetemeka chini ya vidole.

Waya alielewa wa kwanza. Alitaka kuizima, naye akamkataza.

"Anasema nini?" aliuliza.

Waya alipiga magoti kando yake. "Anasema, dada, hiyo si albamu, hiyo ni dawa ya usingizi. Mbili juu ya kumi."

"Na mimi?"

"Unamwambia hana masikio."

"Halafu?"

"Anacheka."

Alikiweka na kiganja cha pili. Akafumba macho.

"Bado anacheka?"

"Bado," Waya alisema. "Bado anacheka."