Carte Yenye Sahani Yake

Siku ya soko, duka la kompyuta mjini Butembo halina adabu. Kavuo, msichana mchora ramani za nyumba kutoka mji wa Beni, alikanyagwa kiatu chake cheupe na muuzaji mwenyewe, Manassé, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa vizuri kwa pasi.

«Pardon, mama.»

«Mama ya nani? Nitafutie mashine ya kuchora manyumba ku 3D.»

Manassé akacheka. Akamweleza kwamba kompyuta nyingine carte graphique yake, kadi inayochora picha, ni intégrée, inakula sahani moja na processeur, ubongo wa mashine. Nyingine ni dédiée, ina sahani yake.

«Nataka ile ya sahani yake. Miye sipendaka kugawa nyama.»

«Itafika mwezi hii. Donc, acha numéro.»

Numéro ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Kabla kompyuta haijafika, Kavuo alikuwa akiitwa bébé, naye akiitika bila haya.

Mzigo ulifika Beni kwa pikipiki. Ndani mlikuwa na kompyuta nyembamba, ya kupendeza. Kavuo akafungua ramani ya ukumbi ambayo kamati ya parokia ingeitazama Ijumaa. Akageuza paa, picha ikaganda. Akatazama: carte ilikuwa intégrée. Akapiga simu.

«Manassé, nilikuomba nini?»

«Bébé, ya dédiée iko muzito, inakunywa courant. Kwenu muko na panneau moja tu ya jua. Nikaona hii itakusaidia.»

«Ukaona! Na miye niko kipofu?»

Akakata. Aliumia kweli. Nyumbani kaka zake ndio waliomwamulia kila kitu, na alidhani amepata mwanaume asiye wa namna hiyo.

Kesho yake Manassé akatokea mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, kompyuta nzito mgongoni. Akaiweka mezani. Kavuo akafungua ramani; paa likageuka bila kusitasita.

«Nilikosa,» Manassé akasema. «Nilikuhurumia, nikasahau kukuuliza.»

«Na courant?»

«Uliomba hii, ni yako. Courant tutatafuta.»

Kavuo alitaka kuendelea kununa, tabasamu likamponyoka.

«Kintu ingine,» Manassé akasema. «Bajomba wangu balishajitayarisha kuja kuona baba yako. Nimebasimamisha. Nilitaka nikuulize weye kwanza: unapenda tuoane?»

Kavuo akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya kitenge chake.

«Baambie baje. Dimanche, nyuma ya misa.»