Chumba cha Nne cha Tangi la Chini

Tangi lile lilikuwa halijatiwa maji hata kikombe kimoja, na bado lilikuwa limelowa.

Mama Bonge aligundua saa nane mchana, jua limejaa sebule nzima, mtoto amelala, yeye kapiga magoti mbele ya kabati akifuta vumbi. Chumba cha kwanza cha tangi, kikavu. Cha pili, kikavu. Cha tatu, kikavu. Cha nne, kitambaa kikatoka kinachuruzika. Akakinusa. Kilinuka bahari, tena siyo bahari ya kutembelea, ile ya chini ya mawe, ambako vitu huoza bila kuonekana. Na bahari kutoka pale ni safari ya basi ya siku nzima.

Kwanza alimlaani mumewe. Kila upuuzi katika nyumba ile ulikuwa na alama za vidole vya mumewe.

Mumewe alijiita Injinia. Hakuna chuo kilichompa jina hilo. Alikuwa mtunza stoo wa karatasi na wino katika ofisi moja, kazi yake kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, na katikati ya hapo kutazama video za watu wanaofuga samaki wa maji ya chumvi. Video kumi na mbili zilimtosha kuwa bingwa. Akanunua tangi la kioo refu kama jeneza la mfalme, akaliweka juu ya kabati sebuleni, akasogeza makochi, akasogeza kitanda cha mtoto mpaka kikaziba dirisha. Samaki hata mmoja alikuwa bado. Lakini alishaanza kusema "samaki wangu".

Ndani ya kabati, chini ya tangi kubwa, ndipo linapokaa tangi la pili, la kuchujia. Maji machafu yanashuka kwa bomba, yanapita chumba hadi chumba yakisafishwa, mwisho pampu inayarudisha juu. Basi Injinia akakaa mezani na karatasi ya grafu, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, akapanga. Urefu wote sentimita mia moja na hamsini. Chumba cha soksi ya kunasa uchafu, ishirini. Cha mashine ya kutoa povu, thelathini. Cha pampu, ishirini na sita. Ikabaki sabini na nne.

"Na hii?" aliuliza Mama Bonge, Bonge akiwa kiunoni anamvuta sikio.

"Akiba."

"Akiba ya nini? Umeme ukikatika pampu inasimama, si ndiyo? Maji ya juu yanashuka. Kama lita hamsini hivi. Yataingia wapi, kwenye hicho kijichumba cha pampu? Yatafurika mpaka chumbani kwetu. Hii nafasi iunganishe na pampu, iwe ya maji yanayorudi."

Injinia aliweka kalamu chini taratibu, kama daktari anayetaka kutoa habari mbaya. "Mke wangu. Wewe umeishia kidato cha nne. Angalia uji usiungue."

"Kidato cha nne wanafundisha ujazo. Urefu mara upana mara kimo."

Injinia alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa kumkomoa tu, akaandika kwenye ile nafasi, kwa wino wala siyo kwa penseli: WAZI. Akaenda kwenye tangi, akagonga kioo mara tatu kwa kidole. "Hodi hodi! Hapa sijampa mtu. Anayetaka kukaa, akae. Karibu sana, jisikie nyumbani!"

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu alibandika kuta za vioo kwa gundi. Jumatano kitambaa kilitoka kimelowa.

Alhamisi ikaja sauti. Mchana vilevile, saa nane, wakati majirani wamekwenda makazini na mtaa mzima umetulia. Fyuuu, fyuuu, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Ilitoka kwenye bomba la kushushia maji, bomba kavu, lisilounganishwa na chochote. Mama Bonge alisimama na mwiko mkononi, akahesabu. Fyuuu, kimya. Fyuuu, kimya. Ilikuwa inavuta pumzi.

Jioni hiyo alimbusu Bonge utosini, akahisi chumvi. Akambusu shavuni, chumvi. Akamwogesha, akambusu tena, chumvi, imekolea zaidi.

"Joto hilo," Injinia alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Watoto wanatoka jasho. Hiyo nayo uliisoma kidato cha nne?"

Ijumaa alimlaza Bonge kitandani saa saba na nusu, akaenda uani kuanua nguo, dakika tano, hata hazikufika tano, akarudi na kapu kifuani na kitanda kilikuwa kitupu, na milango ya kabati ambayo aliifunga kwa ndoano, anakumbuka mlio wa ndoano, ilikuwa wazi yote miwili, na ndani ya chumba cha nne Bonge alikuwa amelala chali, kisogo kimegusa kioo cha huku, visigino vimegusa kioo cha kule, hajabanwa wala hajabaki na nafasi, kama kipimo kilichukuliwa mwilini mwake, na hapo ndipo alipokumbuka kadi ya kliniki ya Jumanne, muuguzi akisema kwa furaha, mama, kijana anarefuka, sabini na nne. Bonge alikuwa na miezi kumi na moja. Neno alilojua lilikuwa moja, "baba", na hilo nalo alimwita hata paka. Alifumbua macho, akamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mtumishi aliyechelewa, akasema kwa sauti nene yenye maji ndani:

"Kinanitosha."

 Mama Bonge alimchomoa mwanawe, akamfunga mgongoni, akatoka nje na kumpigia simu shangazi yake.

Shangazi alikuja Jumamosi asubuhi, mfupi, mnene, anahema, kaudhika na ngazi. Alishughulika na majini kama wengine wanavyoshughulika na mabomba yaliyoziba, bila heshima yoyote. Aliinama kabatini, akanusa, akatema mate pembeni. Akaomba ramani.

"Nani kachora?"

"Mimi," alisema Injinia, kifua mbele.

"Hapa anakaa nani?"

"Hakuna mtu, shangazi. Ni nafasi wazi, mambo ya kitaalamu."

"Uliyasema haya kwa mdomo?"

Injinia akatazama dari.

"Alisema," Mama Bonge alinong'ona. "Akabisha na hodi. Akasema karibu, jisikie nyumbani."

Shangazi alimpandisha Injinia macho na kumshusha. "Kuna wanaume Mungu kawapa ndevu ili tujue tu uso unaishia wapi." Akamgeukia Mama Bonge, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Huyu hakuvunja mlango, kakaribishwa kwa wino. Ubani nikichoma atapiga chafya tu, na atabaki. Anamwonja mtoto polepole. Akishamaliza kumzoea, atahamia ndani yake moja kwa moja."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Kile chumba kipate mwenyewe. Mpaka sentimita ya mwisho. Kipewe na mtu anayejua anachokisema. Lakini akitoka pale atatafuta pengine palipo wazi humuhumu. Hakikisha hapati."

"Basi, basi," Injinia alidakia. "Shangazi, shikamoo na kwaheri. Mimi nakwenda kununua chumvi ya tangi, nikirudi sitaki kukuta uganga karibu na mitambo yangu."

Mitambo! Pampu moja na soksi.

Alipotoka, wanawake wawili walifanya kazi bila kusemeshana. Kila kilicho kitupu kikajazwa na kutajiwa mwenyewe. Sufuria hii ya maharage. Chupa hii ya maji ya kunywa. Viatu hivi vya baba, vikajazwa magazeti. Ndoo, birika, mitungi ya maua, droo, hata soketi ya balbu iliyoungua ikawekwa balbu mpya. Kisha Shangazi akasimama mlangoni na ubani wake wa kumpigisha jini chafya, na Mama Bonge, mtoto mgongoni maana hakuthubutu kumwacha popote, akaingiza kichwa na mikono kabatini akiwa na wembe.

Ukuta wa kioo kati ya pampu na chumba cha nne ulishikwa kwa gundi pande tatu. Alikata upande wa kwanza, fyuuu, ikavuta pumzi sikioni kwake, akakata wa pili na mgongo wake ukaanza kulowa, maji ya baridi yanashuka kiunoni, mtoto anakuwa mzito, mzito kama gunia lililoachwa kwenye mvua, na baridi, na halii, kwa nini halii, na harufu ya bahari imejaa kabati mpaka macho yanamwasha, na sauti ikasema pale nyuma ya shingo yake, kwa lafudhi ileile ya mumewe, kwa kicheko kilekile:

"Kidato cha nne."

Hapo hofu ikamwishia, zikabaki hasira. Wewe nawe! Umetoka huko kwenu kwenye vilindi, umekuja kuishi ndani ya kabati la mtunza stoo, na bado una mdomo?

"Urefu," alisema, wembe ukikata upande wa tatu. "Mara upana. Mara kimo. Huna hata hati ya nyumba, unaniletea maringo!"

Kioo kikang'oka. Akakichomoa, akaichana ramani palipoandikwa WAZI, akaandika upya kwa wino: pampu na maji ya kurudi, mia moja. Akamwaga ndoo nzima. "Hiki ni cha maji yanayorudi. Chote, mpaka juu. Kina mwenyewe!"

Fyuuu ikapanda kwenye bomba, ikazunguka dari, ikagonga droo moja moja, sufuria moja moja, kila pahali pana mtu wake. Ikatulia. Mgongoni Bonge akalia kwa nguvu zote, akamkojolea mama yake, mkojo wa moto mzuri. Mama Bonge akamgeuza, akambusu utosini. Jasho na maziwa. Akambusu tena. Jasho na maziwa.

Injinia alirudi na mifuko ya chumvi, akaona ukuta umeondoka, akafoka hadi akachoka, kisha akakoroga maji, akajaza matangi yote mawili na kuwasha pampu. Saa kumi umeme ukakatika. Maji yakashuka, yakapanda kwenye kile chumba, yakasimama vidole viwili chini ya ukingo. Hata tone moja halikugusa sakafu.

"Mnaona?" alisema, akijinyoosha kwenye kochi. "Ramani yangu." Akalala palepale, mdomo wazi.

Shangazi alikuwa anafunga mkoba wake. Mama Bonge alikuwa ananyonyesha. Ndipo wote wawili wakasikia, pampu imezima, nyumba kimya, fyuuu, kimya. Fyuuu, kimya. Walitazamana. Walikuwa wamejaza kila kitu mle ndani.

Mama Bonge alisogea kwenye kochi. Kwenye sikio la mumewe palikuwa na tone, likachuruzika hadi shingoni. Akaligusa kwa kidole, akalionja. Chumvi.

"Shangazi," alinong'ona. "Kichwani kwake. Hatukupakumbuka."

Shangazi alimtazama Injinia, akaguna. "Nani angepakumbuka?"

Injinia akafumbua macho. Alimtazama mkewe taratibu, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu wafunge ndoa, akatabasamu, na maji yakamtoka pembeni mwa mdomo.

"Asante, mama," alisema kwa sauti nene. "Huku pana nafasi zaidi."