Tangazo la Lango la Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alishika kiti cha magurudumu chini ya ngazi, huku baba yake akimteremsha bibi mgongoni. Jina hilo la utani alipewa na bibi kwa sababu ya maneno yake mengi.

"Shika vizuri, mke mwenzangu!" bibi alitania. "Nikianguka, nani atakutetea kwa mama yako?"

Walicheka, lakini baba alikuwa akihema. Alikuwa fundi bomba, na mgongo ulianza kumsumbua. Alitaka kumjengea bibi chumba chenye choo pale chini, ila kiwanja chao kilikuwa chembamba. Sheria za mipango miji zilitaka jengo liwe mita tatu kutoka mpaka wa jirani, na kwao zingebaki mbili tu.

"Unaweza kuomba kibali maalumu," afisa wa mipango miji alimweleza. "Onyesha sababu ya kweli, kisha ubandike tangazo kwenye malango yako kwa wiki mbili. Jirani mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema."

Baba alibandika moja mbele na jingine kwenye lango la nyuma, kwenye uchochoro ambao wanafunzi walipita. Siku iliyofuata Chiriku alikuta wenzake wamelizunguka.

"Tangazo la mipango miji! Kumbe mnabomolewa!" mmoja alisema.

"Mtahamia wapi, Chiriku? Kwenye mti?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Chiriku aliwapita akikimbia. Aliona haya kweli kweli. Jioni alilibandua tangazo lile, akalichana na kulitupa. Nyumbani hakuna aliyegundua, maana ni yeye tu aliyetumia lango la nyuma.

Siku ya kikao cha kusikiliza ombi la baba, Chiriku alimsukuma bibi hadi ukumbini. Afisa alipouliza kama kuna pingamizi, fundi saa, jirani wao wa nyuma, alisimama.

"Habari hizi nimezisikia leo kwa mkaguzi wa majengo," alisema kwa uchungu. "Upande wangu hakukuwa na tangazo lolote. Jirani, kwa nini unifiche?"

"Nililibandika kwa mkono wangu, ndugu yangu," baba alijibu.

Watu waliguna. "Anataka kutupiga chenga huyo!" sauti ilisikika.

"Likiwa limefichwa makusudi," afisa alisema, "ombi hili linatupwa."

Baba aliinamisha kichwa. Chiriku hakuwahi kumwona baba yake akiitwa mwongo mbele za watu, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama bibi. Kisha alisimama.

"Ni mimi niliyelibandua. Wenzangu walinicheka." Alianza kulia, akamgeukia fundi saa. "Baba hakujua. Mzee, nisamehe."

Fundi saa alikaa polepole.

Afisa hakulitupa ombi, ila aliamuru tangazo libandikwe upya na wiki mbili zianze tena. Kwa hiyo bibi aliendelea kubebwa, na kila asubuhi Chiriku alishika kiti bila kuweza kumtazama baba usoni.

Tangazo jipya alilibandika yeye mwenyewe. Wenzake walipouliza, uso ulimwaka, lakini aliwaeleza habari za bibi na ngazi. Hakuna aliyecheka. Fundi saa naye alikuja kupima mpaka pamoja na baba. Aliomba jambo moja tu, dirisha lisielekee uani kwake. Baba alikubali, na kibali kikatolewa kwa sharti hilo.

Siku msingi ulipochimbwa, Chiriku alijikaza. "Baba, siku ya kikao ulijua ni mimi kabla sijasema?"

"Nilijua pale ukumbini. Wewe unayeongea hata usingizini, ulikuwa unatazama viatu vyako."

"Mbona hukusema? Watu walikuita mwongo!"

"Nilitaka useme mwenyewe." Baba alifuta jasho. "Kuomba ruhusa hadharani hakuna aibu, mwanangu. Jirani ana haki ya kujua tunachojenga ubavuni mwake. Ukificha jambo, mzigo wake hubebwa na mwingine."

Chiriku aliinama, akamshika baba mkono. "Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe ulipoinuka kwenye kiti," baba alisema.