Jina la Fundi wa Mnara

Ombi la kwanza lilijibiwa kabla ya chai ya saa nne, na hapo ndipo Anjela, katibu muhtasi wa kitengo cha teknolojia, alipoingiwa na wasiwasi. Kitengo kile tunakijua, jamani. Hakuna kilichowahi kutengenezwa kabla ya chai.

Ilikuwa mwaka 2005, intaneti ndiyo kwanza inaingia Sumbawanga. Mkuu wa kitengo, Zenon, alikuwa ameiboresha tovuti ya chuo: orodha ya huduma zote, na kila huduma na jina la fundi wake. Mwenye shida anaandika ombi, fundi anajibu humo humo.

"Bosi," Anjela alinong'ona, "printa ya maktaba imepona. Aliyejibu ni Baltazari."

"Baltazari si tumemzika Jumamosi!"

"Ndiyo nakwambia. Jina lake hukulitoa. Na ameuliza swali: Nani alinituma juu?"

Zenon alijua jibu. Siku ya uzinduzi wa tovuti, mawasiliano ya mnara wa intaneti yalikatika, wageni wako njiani, mvua inanyesha. "Ngoja mvua ikatike, bosi," Baltazari aliomba. Zenon akamjibu, "Panda sasa hivi. Usinitie aibu." Mzee wa watu akavua viatu, akavipanga chini ya ngazi ya mnara kama kawaida yake, akapanda. Radi ikamshusha.

Sumbawanga radi haiji hivi hivi, lazima ina aliyeituma. Ndugu wa marehemu wakamnyooshea kidole mjane, Coleta, wakampa mpaka Ijumaa ahame nyumba yao ya mtaa wa Milanzi. Neno moja la Zenon, kwamba yeye ndiye aliyemtuma mzee juu, lingemwokoa. Zenon, aliyeogopa kupoteza cheo, alikaa kimya, na ukimya ule ulimla usiku na mchana.

"Sema, bosi," Anjela alimsihi. "Huyu hatafuti kingine."

Ijumaa asubuhi Zenon alikwenda Milanzi. Alimkuta mama yule barabarani na godoro kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Asante, mlimzika vizuri mume wangu."

Zenon akampa pole tu. Akampisha apite, akarudi ofisini akijichukia.

Mchana ule, Anjela akiwa ameondoka, harufu ya waya ulioungua ilijaa chumbani pamoja na ya koti la mvua lililoloa, na juu ya bati nyayo tupu zikaanza kutembea, taratibu, kutoka upande wa mnara mpaka juu ya kiti chake, zikasimama, zikarudi, zikaja tena, na Zenon jasho likimtoka katika baridi ile ya Ufipa akafungua orodha ya huduma na kulifuta jina la Baltazari, lakini tovuti aliyoitengeneza mwenyewe ikakataa kupokea huduma isiyo na fundi, akajaribu tena, ikakataa, na bati likaanza kubonyea juu ya kichwa chake, ndipo kwa kiwewe akaandika jina la karibu kuliko yote: Zenon.

Ikapokea. Nyayo zikanyamaza.

"Nisamehe, mzee," alisema. Kusema kwa marehemu kulikuwa rahisi, maana marehemu hamfukuzi mtu kazi.

Nje mvua ikaanza. Kwenye kioo cha kompyuta likaingia ombi jipya.

Huduma: mnara. Mwombaji: Baltazari. Panda sasa hivi. Usinitie aibu.

Zenon alitaka kukimbia. Alipotazama chini, mikono yake ilikuwa imeshaanza kufungua kamba za viatu.